Upinde wa Mbidi Kiluwe

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji anayedai kuwa vijana wa Lubumbashi wamelegea kwa sababu hawajawahi kulenga mnyama, na kwamba mwanaume wa Katanga ni mwindaji tangu Mbidi Kiluwe, yule ambaye masimulizi yanamtaja kuwa chanzo cha ukoo wa wafalme wa Waluba. Kwa kuwa amemtaja mwenyewe, tuanzie hapo.

Ni kweli, Mbidi Kiluwe alikuwa mwindaji, akatoka mashariki. Lakini wazee wa Kiluba wakisimulia habari zake hawahesabu alichoua. Wanasimulia adabu yake: hakula mbele za watu, naye mfalme Nkongolo Mwamba, mlevi na mkatili, alikula hadharani bila haya. Ndipo Kalala Ilunga, mtoto wa huyo mwindaji, akaja kumshinda Nkongolo na kutawala. Tena pinde za wafalme wa Kiluba zilitundikwa kwenye kishikio cha mbao, na mara nyingi kilichongwa umbo la mwanamke. Mwenzetu angejiuliza kwa nini.

Halafu, anasifu uwindaji upi? Aende soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, asubuhi. Nyama ya pori iko mezani, nyeusi kwa moshi, mama muuzaji anafukuza nzi kwa kipande cha katoni. Ukimwuliza mnyama gani, anakujibu, "Ni nyama tu, papa, nunua." Aliyeitega kwa waya huko kijijini pengine anatafuta ada ya shule ya watoto. Huyo hasifiwi na mtu. Sifa ni za bwana mwenye gari kubwa anayerudi Jumapili na picha, mguu juu ya swala. (Na vinkubala, wale viwavi tunaowala na bukari, yaani ugali, wanawake wanaokwenda kuwaokota porini nani anawaita mashujaa?)

Sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inadai kibali. Upemba ni hifadhi tangu 1939, na huko ndiko waliko pundamilia wa mwisho wa nchi yetu ya Kongo. Risasi zimekwisha kuwapunguza vya kutosha.

Namkubalia jambo moja: kijana aliyefuatana na baba yake porini alijifunza kunyamaza, kusoma upepo, kuvumilia njaa. Aliporudi, nyama haikuwa yake peke yake. Wakubwa walikuwa na sehemu yao, wajomba yao, na aliyeficha paja alitajwa kijiji kizima.

Kwa hiyo namwuliza mwenzetu: mara ya mwisho alipoua, nani mtaani kwake alionja?

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi