Ufa wa bafu la karavani usifichwe kwa silikoni

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wauguzi wetu wanaofanya kazi za mkataba huku Marekani, pamoja na jamaa zao nyumbani, maana mara nyingi pesa za kununua karavani huchangwa pande zote mbili. Mikataba hiyo kwa kawaida ni ya wiki 13, kisha mtu anahamia mji mwingine. Kupanga nyumba kwa muda mfupi ni ghali, kwa hiyo wapo wanaonunua karavani iliyotumika, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, na kuivuta kutoka hospitali moja hadi nyingine. Siwalaumu hata kidogo. Kinachowaponza ni sakafu ya bafu.

Mimi ni fundi wa faiba, ile ya nyuzi za kioo (fiberglass), si ya intaneti. Kazi hii niliifunzwa Mtwapa kwenye maboti, na sasa natengeneza karavani hapa Arizona. Majuzi dada mmoja kutoka Kisii aliniita. Muuzaji alikuwa ametandika mkeka wa mpira bafuni. Tulipouinua, tuliona ufa uliotoka kwenye tundu la maji hadi karibu na ukuta, umepakwa silikoni nyeupe juu kwa juu. Nikachoma bisibisi kwenye plaiwudi upande wa pili wa ukuta, chini ya kabati anamoweka sare zake za kazi. Ilizama hadi kwenye mpini. Mbao zimeoza, ukungu umepanda. Dada wa watu alikaa kitandani akalia, na mimi nilikasirika kwa niaba yake, kwa sababu aliyepaka silikoni ile alijua anachoficha.

Wengi hunijibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye karavani, ukianza kwa kuziba umeshapotea. Sakafu hizi ni plastiki nyembamba ya ABS au faiba, na nyingi zimeachwa na uwazi chini yake. Ukisimama, inabonyea, ukiondoka, inarudi. Ongeza mtikisiko wa barabarani, mwisho inapasuka, hasa kandokando ya tundu la maji. Silikoni haizuii kubonyea huko. Itabanduka, na maji yataendelea kushuka kimya kimya kwenye mbao.

Kwa hiyo kwanza shughulikia chini. Ng'oa mbao zilizooza, acha pakauke kabisa, kisha tegemeza sakafu kwa mota ya saruji au vipande vya plaiwudi vinavyoigusa kila mahali. Povu la kopo, lile la kupuliza ili kujaza uwazi, nalitilia shaka. Likivimba kupita kiasi huinua sakafu na kuongeza nyufa, na likijazwa kwa wingi mahali pasipo na hewa, la ndani hubaki bichi. Anayelazimika kulitumia achague lile lisilovimba sana, alitie kidogo kidogo, na aweke ndoo za maji juu ya sakafu mpaka likauke.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye ufa wenyewe. Toboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Paka asetoni, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, kidogo mahali pasipoonekana: ikilainika na kunata, hiyo ni ABS, faiba haitabadilika. ABS unaweza kuiunga kwa vipande vyake vyenyewe vilivyoyeyushwa ndani ya asetoni mpaka viwe uji mzito. Faiba iparuze kwa msasa, uisafishe, halafu weka kitambaa cha faiba na epoksi (gundi inayoganda ikawa ngumu), ikiwezekana upande wa chini. Fungua madirisha na uvae barakoa yenye kichujio cha mvuke, maana asetoni inashika moto upesi na mvuke wake ni mkali. Nyufa zikiwa nyingi, usihangaike na viraka, badilisha sakafu nzima.

Na msitegemee sheria iwaokoe. Hata California, sheria inayomlinda mnunuzi wa gari jipya bovu, ikifika kwenye gari lililojengewa nyumba ndani yake (motorhome), inahusu chasisi na sehemu ya kuendeshea. Sehemu ya kuishi haimo. Itakuwaje kwa karavani iliyokwisha kupita mikono kadhaa?

Kabla hujatuma hata dola moja, vua viatu uingie bafuni. Inua mkeka. Kanyaga kila kona usikilize kama pana mlio, kisha ubonyeze mbao za nje ya ukuta wa bafu na unuse ndani ya makabati. Kama uko jimbo la mbali, mtume mwenzako aliye karibu akuangalilie. Muuzaji akikataa mkeka uinuliwe, ondoka utafute karavani nyingine.

Fundi wa faiba,
Phoenix, Arizona