Barua ya wazi kwa vijana ambao tamthilia yao imeondolewa hewani

Wanangu,

Tamko lenu nimelisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililisoma kwa huruma, ya pili kwa hasira, ya tatu nikavuta karatasi nikaanza kuandika. Mnasema tamthilia yenu imeuawa ikiwa changa, sehemu ya nne tu, na watu wasiojua sanaa. Mnasema kituo kimewasaliti na watazamaji wa siku hizi hawana subira. Kisha mkafunga kwa sentensi iliyoninyima usingizi: "Laiti wangesubiri hadi sehemu ya sita, wangeona."

Kabla sijasema lolote, poleni. Si pole ya mdomoni. Nimewahi kusimama kwenye mlango wa studio asubuhi, siku mbili baada ya tamthilia yangu kukatwa, nikimtazama seremala akibandua ukuta wa sebule niliyoiona kichwani mwangu kabla haijawa mbao na rangi. Alikuwa aking'oa misumari mmoja mmoja na kuitia kwenye kopo, maana ingetumika tena. Nyuma ya ule ukuta kulikuwa na vipimo vya dirisha vilivyoandikwa kwa penseli, na jina la tamthilia yetu. Akalikata jina kwa mstari mmoja, akaandika chini yake jina la kipindi kingine, akaendelea na kazi. Kwa hiyo maumivu yenu nayajua. Lakini tamko lile ni la watoto waliosusa, na ninyi si watoto.

Kosa lenu la kwanza ni kuingia katika biashara bila kuuliza inauza nini. Kituo kinachoishi kwa matangazo hakiuzi tamthilia. Kinauza macho ya watu, na tamthilia ni chambo cha kuyavuta. Hilo likiwaumiza, liwaumize sasa, maana msipolielewa hamtaelewa kitu kingine chochote kilichowapata.

Chukueni Marekani, ambako mchezo huu umepata kanuni zake. Kila mwezi wa Mei vituo vikubwa huwakusanya wenye matangazo jijini New York na kuwaonyesha ratiba ya msimu utakaoanza Septemba. Baada ya hapo huuza sehemu kubwa ya nafasi za matangazo za msimu mzima, kabla tamthilia mpya haijatazamwa na mtu yeyote akiwa nyumbani kwake. Bei hupangwa kwa ahadi: tutakuletea watazamaji kiasi hiki, wa umri huu. Ahadi ikivunjika, kituo hudaiwa, na kwa kawaida hulipa kwa kutoa nafasi nyingine za matangazo bure. Sasa fikirini. Dakika za matangazo katika saa moja zina kikomo. Nafasi inayotolewa bure leo ni nafasi ambayo angeuziwa mtu mwingine. Tamthilia isiyotazamwa haikai pale kimya ikingoja kupendwa. Kila wiki inazaa deni. Mkuu wa vipindi anayeiondoa mapema anaziba tundu la mtumbwi, na huenda usiku ule ule alikuwa akiipenda tamthilia yenu kuliko ninyi mnavyodhani.

Mmeuliza kwa nini wasiwaachie mmalize msimu. Hesabu yake ni hii. Kwa utaratibu uliodumu miaka mingi, tamthilia mpya ya Marekani iliagizwa sehemu 13 kwanza, na ilipofanya vizuri iliongezewa 9 zifike 22. Wakati watu wanatazama sehemu ya nne, nyingine iliyo mbele zaidi iko mbele ya kamera, na nyingine iko mezani kwa mwandishi. Fedha iliyokwisha kutumika hairudi. Inayoweza kuokolewa ni ile ambayo haijatoka mfukoni, na kila wiki ya huruma inaila. Ndiyo maana uamuzi unakuja mapema. Ukichelewa, hauna cha kuokoa.

Mwenye studio naye ana hesabu yake. Ada anayolipwa na kituo mara nyingi haifiki gharama ya kutengeneza tamthilia. Pengo analibeba mwenyewe, akitumaini kulifidia miaka ya mbele kwa kuuza haki za marudio kwa vituo vingine. Kwa muda mrefu lengo lilikuwa takriban sehemu 100, kwa sababu wanunuzi wa marudio hurusha sehemu moja kila siku ya kazi, na sehemu 100 zinawatosha wiki 20 kabla ya kuanza upya. Tamthilia ambayo wiki ya tatu imeshaonyesha kwamba msimu wa pili hautafika, mia itaipata wapi? Tena kuna jirani. Tamthilia ya saa mbili usiku humkabidhi mtazamaji kwa ile ya saa tatu. Ya kwanza ikimfukuza, ya pili inafungua mlango kwa nyumba tupu, na waandishi wake hawajakosa lolote.

Mmedai pia kwamba takwimu za watazamaji ni za uongo kwa kuwa kila mtu mnayemjua anaitazama. Wanangu, mpishi haonji sufuria nzima. Kampuni ya Nielsen, iliyoanza kupima televisheni mwaka 1950, kwa miongo mingi ilitumia nyumba za sampuli, na kwa nyumba hizo ilikadiria taifa zima. Sampuli inaweza kukosea, hasa kwa vipindi vyenye watazamaji wachache, lakini haiwezi kukosea kwa kiasi mnachodai. Jambo ambalo mngelipigia kelele mkaniona nimesimama nanyi ni umri. Kwa miongo mingi wenye matangazo wa Marekani wamelipia zaidi macho ya watu wa miaka 18 hadi 49. Aliyevuka hapo anatazama, anacheka, analia, anamsimulia jirani, na jicho lake linahesabiwa kwa bei ya chini au halihesabiwi kabisa katika mazungumzo ya fedha. Mtu amelea watoto, amefanya kazi miaka 30, ana muda na ana uaminifu wa kukaa na tamthilia hadi mwisho, kisha anaambiwa jioni yake haina thamani. Ulimwengu uliozoea kuwapima watu hivyo kwenye televisheni utawapima hivyo hospitalini na kazini pia. Hilo linaniuma, na lingewauma ninyi mngekuwa mmelifikiria badala ya kuwatukana watu wa takwimu.

Sasa narudi kwenye sehemu ya sita, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Ile tamthilia yangu ambayo seremala aliibandua ukuta ilikuwa na siri. Mama wa ile familia hakuwa mama mzazi, na jambo hilo nililificha mpaka sehemu ya tisa. Nilijiona fundi. Nilipanga dalili ndogo ndogo, pete hapa, picha iliyogeuzwa kule. Tukakatwa baada ya sehemu ya tano. Nilikwenda kwa mkuu wa vipindi wa kituo kile nikiwa na maneno kama yenu. Hakubishana. Alifungua droo, akatoa karatasi moja, akaniwekea mezani. Ilikuwa na mstari mmoja uliochorwa dakika kwa dakika, sehemu yetu ya kwanza, kushoto hadi kulia. Ulianza juu, ukaenda sawa kama upeo wa bahari, ukafika dakika ya kumi na moja, ukaporomoka. Baada ya matangazo haukupanda tena. Nikaweka kidole pale kwenye mporomoko na kumuuliza pana nini. Akasema, "Wewe ndiye uliyeandika."

Nilikumbuka. Dakika ya kumi na moja ndugu wawili wanakaa barazani wanazungumza juu ya baba yao aliyekufa, dakika nne nzima, na hakuna anayetaka kitu kwa mwenzake. Nilikipenda kipande kile kuliko vyote. Nilikilinda mhariri alipotaka kukipunguza. Na watu walioinuka dakika ile hawakuwahi kujua kwamba kuna sehemu ya tisa.

Ninyi mmefanya kosa hilo hilo, na mnalijivunia. "Subirini sehemu ya sita" maana yake ni kwamba sehemu tano za kwanza mlizijua kuwa ni maji ya kunawa. Mlimkaribisha mgeni mkamweka barazani kwa muda wa saa tano bila kumpa hata maji, kisha mnamlaumu kwa kuondoka kabla ya chakula. Mtazamaji amechoka. Ametoka kazini, mtoto analia, kuna vituo vingine chungu nzima. Hana deni kwenu. Na kumbukeni kwamba tamthilia mpya kwa kawaida hupata watu wengi zaidi usiku wake wa kwanza, kwa sababu ya matangazo yote yaliyotangulia. Wiki ya pili ndiyo wakubwa wanayoitazama kwa jicho kali: waliokuja, wangapi wamerudi? Mwaka 2010 kituo cha Fox cha Marekani kiliiondoa tamthilia ya Lone Star baada ya sehemu mbili tu, ingawa wahakiki walikuwa wameisifu sana. Sifa haikurudisha watu wiki ya pili.

Najua mtaniletea Cheers, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani. Kila kijana aliyekatwa huniletea Cheers. Ndiyo, ilianza Septemba 1982 ikiwa karibu na mkia wa orodha ya watazamaji, kituo cha NBC kikaiachia, ikadumu misimu 11 hadi 1993. Seinfeld, nayo ya vichekesho, ilifanya vibaya kwenye majaribio mwaka 1989, ikaagizwa sehemu nne tu zaidi, na ilipofungwa mwaka 1998 Wamarekani wapatao milioni 76 walikuwa mbele ya televisheni. Lakini someni hadithi yote. NBC ya mwaka 1982 ilikuwa ya mwisho kati ya vituo vikubwa vitatu. Haikuwa na cha maana cha kuweka mahali pa Cheers, na wakubwa wake waliipenda kweli. Kituo chenye njaa na chenye imani kinaweza kusubiri. Na kwa kila moja iliyosubiriwa ikachanua, zipo nyingi zilizosubiriwa zikafa vile vile, ila hizo hazina wa kuzisimulia.

Wakubwa wa vituo nao wasisome barua hii wakipiga makofi. Mwaka 2002 Fox iliichukua tamthilia ya Firefly, ikaipanga Ijumaa usiku, ikarusha sehemu bila kufuata mpangilio wake, na ile ndefu yenye urefu wa saa mbili, iliyoandikwa kuwatambulisha wahusika, ikarushwa mwisho kabisa. Zilitengenezwa sehemu 14, zikarushwa 11, kisha ikasemwa watu hawakuipenda. Nimeona vituo vikihamisha tamthilia siku tatu tofauti katika mwezi mmoja, halafu vikishangaa mtazamaji haioni njia ya kurudi. Kumfunga mtu miguu na kisha kumpima mbio ni dhuluma, na nitaendelea kuiita hivyo.

Nanyi watazamaji, wapendwa wangu mnaosema "nitaanza kuitazama ikishaisha yote," sikilizeni. Mnaogopa kuanza kwa sababu zinakatwa, nazo zinakatwa kwa sababu hamuanzi. Hata kwenye huduma za kulipia kwa mwezi, ambazo nyingine hazina tangazo la kuuza, wanahesabu nani ameanza, nani amefika mwisho, na kwa muda gani. Tamthilia mnayoihifadhi kwa ajili ya siku njema inaonekana kwenye hesabu yao kama tamthilia isiyotakiwa.

Mengine nayataja tu, wanangu, maana mnayajua au mtayajua. Msitukane kituo hadharani. Ulizeni mwanasheria haki za kazi yenu ni za nani baada ya kukatwa: katuni ya Marekani ya Family Guy ilifutwa mwaka 2002 ikarudi 2005 kwa nguvu ya diski zilizouzwa na marudio yaliyotazamwa. Walipeni mafundi kabla ya kujilipa wenyewe. Pumzikeni.

Kuhusu ile sehemu ya sita. Nimeisoma, yule mwenzenu mdogo alinipa muswada bila kuwaambia. Ukurasa wa 31, binti anapofungua begi la babake na kukuta nguo za mtoto asiyemjua, nilisimama kutoka kwenye kiti. Ni kipande kizuri kuliko chochote nilichoandika nikiwa na umri wenu. Kichukueni. Kiwekeni ukurasa wa pili wa sehemu ya kwanza, kisha mjiulize familia ile inafanya nini asubuhi inayofuata. Mtaona hamna hadithi ya kutosha iliyobaki, na mtaogopa. Ni sawa, ogopeni, andikeni. Sitaki muhtasari wala tamko jingine. Nileteeni kurasa kumi za kwanza, zilizochapwa kwa nafasi pana ili nipate mahali pa kuandika, na nitazisoma usiku huo huo nitakaozipata.

Mzee wenu