Kiputo kimoja tu

Maskati, Jumatano usiku

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Hujambo? Bi Time na goti lake? Najua umeninunia, na haki unayo. Harusi ya Rukia imepita, nami nilikuwa katikati ya Ghuba ya Oman, simu haishiki hata kidogo, nachota maji.

Kassim aendelee tu kusema nalipwa kwa kuchota maji. Si uongo. Ila ni ya mita 300 chini, na huko oksijeni hakuna, au ni ya kulambia. Jodari hakai. Wanaokaa ni vijidudu, na badala ya oksijeni wao wanavutia pumzi naitreti, mbolea yenyewe ya bahari. Wakimaliza inakuwa gesi ya naitrojeni, inapaa zake hewani, mwani hauna faida nayo tena. Nyengine hukatikia njiani ikawa gesi ya kuchekesha, ile ya madaktari wa meno. Hiyo kilo moja hushika joto kama kilo 270 hivi za kaboni dayoksaidi. Hakuna cha kuchekesha hapo.

Halafu kuna anamoksi, vijidudu wengine, wanaochanganya amonia na naitriti, ndugu yake naitreti, wakatoa gesi ile ile ya naitrojeni. Unajua waligunduliwa wapi? Kwenye mtambo wa maji machafu, Delft, Uholanzi, miaka ya 1990! Baharini wakaja kuonekana baadaye.

Sasa balaa langu. Kwenye vichupa tunatia amonia ya naitrojeni nzito, 15. Ikioana na ile ya kawaida, 14, kutoka kwenye naitriti, gesi inatoka na uzito wa 29, tunajua anamoksi wamekula. Saa tisa usiku nimejaza 12, meli inayumba, nakuja kupindua kimoja: kiputo chini ya kizibo, kidogo kuliko chembe ya ufuta. Hewa! Wale wakionja oksijeni wanagoma, na hewa yenyewe imejaa naitrojeni, hesabu yote inavurugika. Mkubwa wangu hakusema neno. Bora angenitukana.

Nikifumba macho nakiona. Kizibo nilikibana, Zuhura, wallahi nilikibana… basi.

Rukia alivaa nini? Yule mpiga udi alikuja mwenyewe au katuma mtu? Wanafunzi wako wa kemia unawaambia nini, kwamba naitrojeni haifanyi kitu? Na ile kanga uliyoniwekea, ipo, au bibi harusi kaondoka nayo?

Wako,
Salma