Bin ami, neno moja tu linatosha kuliharibu bao

Bin ami yangu,

Asalaam alaykum. Nataka tuseme juu ya mdomo wako unapotazama wenzako wakicheza bao. Kwenye dhumna, anayezunguka akichungulia mikono yote minne hukanywa mapema, maana kila mtu anajua amebeba siri. Kwenye bao ninyi watazamaji mnajiachia, eti hakuna kilichofichwa: mashimo 32, komwe (kete zake) 64. Kilichofichika ni hesabu ya mchezaji, na ndiyo hiyo unayoitoa.

Tazama namua, hatua ya kwanza ya mchezo. Mtu anaingia na komwe 22 mkononi, anatia moja moja. Akila, yaani akichukua komwe za mwenzake, kwenye kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele) au kimbi (lile lililo jirani yake), njia ni moja, hana hiari. Lakini akianza zamu kwa kula kwenye yale mashimo manne ya kati, ataanza kusambaza kutoka kichwa cha kushoto au cha kulia, achague mwenyewe. Ukitamka "kulia!" umeshamchezea. Nyumba, lile shimo lake kuu, vilevile: komwe ya mwisho ya mtaji (zamu ya kula) ikiangukia kwenye nyumba yake ambayo bado ipo, na mbele yake kwa mwenzake patupu, ana hiari ya kulala, yaani kukomea hapo, au kusafiri, yaani kuzichukua komwe za nyumba na kuendelea kusambaza. Hapo hata "aah!" ni jawabu. Hata kikohozi, nacho mnakijua sana.

Kusifu pia. "Kaacha kichwa wazi!" unamwambia nani, kama si mpinzani ambaye zamu ni yake?

Komwe mbili zikidondoka shimo moja, haki ya kulalamika ni ya mpinzani. Ukiulizwa na wote wawili, sema ulichokiona, "zimeanguka mbili kwenye kimbi cha kulia," ukomee hapo. Usiongeze ilivyofaa kuchezwa. Na kikombe cha kahawa kiweke chini, si ukingoni mwa bao.

Safu ya mbele ya mmoja ikishakuwa tupu, ndiyo "hamna", mchezo umekwisha, ongea utakavyo. Ila lipange upya kwanza bao mnalolibishania: taja idadi ya komwe kichwa hadi kichwa, mbele kisha nyuma, pande zote mbili, pamoja na za mkononi. Zisipotimia 64, mnabishania bao ambalo halikuwapo.

Kwenye simu, mkiandikiana juu ya mchezo unaoendelea, ni pagumu zaidi, kwa sababu mchezaji naye, au aliyekaa ubavuni mwake, anasoma unachoandika. Kwenye sataranji usiseme hata "programu (ya kompyuta inayopima mchezo) inaonyesha ameshashinda." Hujataja kete wala mraba, lakini umemjulisha kwamba kuna kitu cha kutafuta, alikuwa anakaribia kucheza haraka, sasa atakaa dakika tano mpaka akione.