Salum, nipitie Gerezani, Kariakoo

Moshi, Jumapili usiku

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi. Shemeji hajambo? Watoto je? Huku wazima. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Mzee Shirima, na leo nimeibuka kwa sababu nina shida. Usicheke.

Ile mashine yangu ya kahawa, ile uliyonisaidia kuipandisha ngazi ukalalamika wiki nzima, imekufa. Boila inachemsha na mvuke upo. Kilichokufa ni pampu na mota. Miezi mitatu nzima kulikuwa na tone, pale pampu inapoungana na mota. Nikalitegea kikopo cha Blue Band. Asubuhi namwaga, narudishia, nakunywa kahawa yangu. Mama Neema akauliza hayo maji yanatoka wapi, nikamjibu mashine inatoa jasho.

Kumbe tundu linalotoa lile tone limewekwa makusudi, ili sili ya shafti, kile kizuizi cha maji, ikichakaa maji yatokee hapo uyaone! Nami nikayaona, nikayawekea kikopo. Yaliyokikwepa yakafuata shafti mpaka kwenye beringi ya mota, yakaosha grisi yote. Wiki iliyopita ikaanza kupiga kelele kama mashine ya kusaga, Alhamisi ikawa inanguruma tu, haizunguki. Nikachomoa umeme nikaizungusha kwa mkono: inakwama, inaachia, inakwama tena.

Fundi mmoja hapa mjini akasema mota imeungua, akataka kuiwaindi, yaani kuisuka waya upya, kwa laki na nusu. Hata kuifungua hakuifungua! Nikaifungua mwenyewe. Koili safi, hazina harufu ya kuungua. Beringi ya mbele ndiyo imejaa uji wa kutu, na kapasita, ile ya kuisaidia mota kuanza kuzunguka, imevimba.

Pampu nayo nimeifumua. Ndani kuna vibao vya kaboni vinavyochomoka kwenye mifereji ya rota na kubana ukuta wakati inazunguka. Vimelika, na ukuta una michubuko inayonasa ukucha. Ndiyo maana geji ya presha ilishuka kutoka bar 9 hadi 5, nami kila wiki nakaza skrubu ya presha, huku namlaumu Mangi kwamba kahawa yake mbovu. Bado sijamwomba radhi.

Pampu nitaagiza nzima, hiyo niachie. Wewe nipitie Gerezani: beringi mbili namba 6202, zenye mpira pande zote mbili, na kapasita ya maikrofaradi 8, volti 450, kama zile za pampu za maji za nyumbani. Beringi zungusha kidoleni kabla hujalipa, ikikwaruza mrudishie. Nipe bei kwanza, nikurushie hela.

Sasa naishi chini ya Kilimanjaro, kahawa iko mpaka uani kwa jirani, nami nakunywa chai ya rangi. Halafu lile tone, Salum, sili yenyewe ingenigharimu... basi, tuache.

Kiwanja cha Chanika umeshapata hati? Mwajuma amerudi kwa mumewe au ndiyo basi tena? Pasaka mnapanda huku? Na ile drili yangu, unayo wewe au iko kwa Hamisi?

Wako,
Elia

Mama Neema akikupigia, ukiulizwa, ni umeme ulikuwa unakatika-katika. Habari za kikopo huzijui.