Kabla mama hajanunua mfuko mwingine wa mbolea

Morogoro,
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na mama mfikishie shikamoo yake. Mimi mzima. Bumu la mkopo wa chuo limechelewa kama kawaida yake, lakini tunakula.

Kwanza nijibu ule utani wako: hapana, sikuja SUA, chuo kikuu cha kilimo, kujifunza kushika jembe. Ingawa jembe tunalishika kweli. Juzi tulishinda kwenye shimo linalomfika mtu mabegani, tunakwangua ukuta kwa kisu kutafuta mahali rangi ya udongo inapobadilika. Ukipata, unachukua kibonge, unakilowesha, unakilinganisha na kitabu cha rangi cha Munsell. Wewe ungesema "udongo mwekundu" ukaondoka. Sisi tunabishana kama ni rangi yenye namba 2.5YR 3/6 au ukurasa unaofuata. Halafu unaukanda kwa maji kidogo (maji yakiisha, mate) na kuusukuma kwa dole gumba utoke utepe. Utepe ukizidi sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Kucha zangu usiziulize. Kwenye harusi ya dada yako nitabandika.

Sasa mahindi ya mama. Ile picha uliyonitumia nimeiangalia sana. Majani ya zambarau kwenye mahindi machanga mara nyingi ni njaa ya fosforasi, na urea anayoweka mama haina fosforasi hata chembe. Kirutubisho chake ni naitrojeni tu, asilimia 46. Tena ukiimwaga mwaka hadi mwaka inazidi kuutia udongo tindikali, na udongo mwingi wa huko kwenu Njombe una tindikali tayari. Hapo chuma na alumini huishika fosforasi, mizizi ikabaki inaitamani tu. Kwa hiyo inawezekana mama anahitaji chokaa ya kupunguza tindikali, au mbolea ya Minjingu, yenye fosforasi, ambayo huyeyuka vizuri kwenye udongo wa namna hiyo. Nimesema inawezekana. Baridi nayo huleta zambarau hiyohiyo, na picha ya simu haipimi pH, yaani kiwango cha tindikali.

Unajua kilichonifanya niwe mwoga wa kutoa dawa kwa mbali? Hii milima ya Uluguru ninayoiona dirishani. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu wakachachamaa, zikatokea vurugu, na mpango ukafa. Sekondari tulisoma hayo kama siasa tu. Huku nimepata upande wa pili: sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba juu. Ukichonga ngazi unalifukia, unauleta juu ule wa chini usio na kitu, na mavuno yanashuka. Wazee walishaona shambani. Mabwana shamba walikuwa na amri, na mteremko wameupima vizuri kabisa, ila chini ya mteremko hawakutazama.

Basi fanya hivi mvua zikikatika. Pita shamba zima kwa mwendo wa zigizaga, uchote udongo wa sentimita 20 za juu sehemu kama 15. Kichuguu kiruke, palipokuwa na zizi paruke, na pale mama anapochomea takataka. Changanya kwenye ndoo safi, tafadhali isiwe ile ya mbolea! Anika kivulini, si juani, kisha funga kama kilo moja. Lile shamba la bondeni lifungie mfuko wake. Ukichanganya na la mlimani, majibu hayatafaa kwa lolote kati ya hayo mawili. Andika jina la shamba, kilichopandwa na mbolea aliyotumia. Mpe kondakta wa basi la Dar, nitapokea stendi ya Msamvu na kuupeleka maabara mwenyewe. Gharama za kipimo nitakuulizia bei kwanza, usiogope.

Na mwambie mama asinunue mfuko mwingine kabla majibu hayajatoka, hata kama jirani kanunua.

Wako,
Shoga yako wa Moro