Barua kwa Rashidi: kabla hujakubali visafishwe

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Picha nimezipata, ya chupa ya seladoni (kauri yenye mng'ao wa kijani) na ya kabati dogo la laka (utomvu wa mti unaokauka kuwa rangi ngumu inayong'aa). Nakuomba usimruhusu mtu kuvigusa kwa kitambaa mpaka umalize kusoma.

Chupa ni kauri ya China, lakini vishikio na kitako ni kazi ya Paris. Karne ya 18 walikuwako huko wafanyabiashara walioitwa marchands-merciers. Chama chao kiliwaruhusu kuuza karibu kila kitu bila kutengeneza chochote, kwa hiyo walinunua kauri iliyoshuka melini, wakaagiza shaba kwa msubuaji, yaani fundi wa kuyeyusha na kumimina madini, kisha ikaenda kwa mtia dhahabu. Daftari la mmoja wao, Lazare Duvaux, la 1748 hadi 1758, lipo hadi leo, na Madame de Pompadour, kimada wa mfalme Louis XV, yumo miongoni mwa wateja. Pwani yetu sahani za China zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi, kama pale Kunduchi. Watu wa Paris wao waliivisha kauri dhahabu.

Usiinue chupa kwa vishikio. Vimeshikwa na pini na skrubu tu, na uzito wote unaning'inia kwenye ukingo wa kauri. Mkono mmoja kitakoni, mwingine ubavuni. Vaa glovu za mpira. Za pamba huteleza kwenye kauri, na nyuzi zake hunasa kwenye ncha za shaba. Ukikuta nati imelegea, usiikaze kwa nguvu. Shaba hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi mara 3 hivi kuliko kauri, kwa hiyo kilichobanwa sana leo kitapasuka siku ya baridi. Maji na maua usitie kabisa, kwa sababu mara nyingi kitako cha kauri kilitobolewa ili fito ya chuma ipite, nayo hushika kutu.

Sasa dhahabu, maana hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Waliponda dhahabu kwenye zebaki, sehemu 1 kwa 8 hivi, wakapaka, kisha wakaipasha moto hadi zebaki ikafuka. Mvuke ule uliwaua mafundi wengi. Tabaka linalobaki ni jembamba mno, na dawa ya kung'arishia shaba huliondoa katika kusugua mara chache. Tumia brashi laini kavu, basi. Fungua kishikio kimoja kwa uangalifu utazame mgongo wake kwa tochi: shaba tupu yenye mikwaruzo ya tupa ni dalili nzuri, lakini dhahabu iliyoenea sawasawa nyuma na mbele inanukia kazi ya kutia dhahabu kwa umeme, yaani miaka ya baada ya 1840. Tafuta pia herufi C yenye taji, alama ya kodi ya 1745 hadi 1749. Ikikosekana haithibitishi lolote, na ikiwepo pia inaweza kughushiwa.

Kabati lina shida nyingine. Fundi alichukua ubao wa kiambaza cha kukunja cha China, akaupasua unene wake kwa msumeno, akapiga randa hadi mbao nyuma ya laka ikabaki milimita chache, kisha akaigandisha kwa gundi ya wanyama juu ya kiunzi cha mbao za Ulaya. Tazama ukingo wa mlango wa kushoto: mtu amekatwa kichwa, na tawi linaishia hewani. Pale kwenye viungo rangi ni ya manjano zaidi. Inaelekea ni vanishi ya Ulaya iliyoiga laka. Spiriti huweza kuiyeyusha huku laka ya China ikibaki, na mchoro utageuka viraka.

Nyumba ikipashwa joto wakati wa baridi, kiunzi husinyaa lakini laka haifuati, hivyo inanyanyuka kama hema. Unyevu wa hewa uwe asilimia 50 hadi 55, na uupime mwenyewe. Mwanga usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga): laka iliyochomwa na jua hupasuka nyufa zisizoonekana, na tone moja la maji huacha doa jeupe lisilofutika. Palipokwisha kunyanyuka usipabonyeze kidole. Funika kwa karatasi laini nyembamba umsubiri mtaalamu.

Nitumie picha ya mgongo wa kishikio, na ya kitako cha kauri kikiwa wazi.

Ndugu yako,
Hamisi